Kiraka cha Shati la Nne

Mashati yalikuwa matano, kitambaa kimoja, kipimo kimoja, na yote ya mtu mmoja. Yalining'inia kwenye kamba iliyokatiza chumba cha kushonea, kutoka msumari wa dirishani hadi msumari wa mlangoni, na mteja aliyeingia siku hizo ilimbidi ainame kama anaingia banda la kuku. Bi Pindo hakuomba radhi. Mtu aliyeshona mapazia na sare za shule mpaka mgongo ukapinda, leo kapewa kazi ya sinema, wacha wainame.

Watu wa sinema walimweleza jambo ambalo kwanza aliliona ni wazimu, kisha akalipenda. Kumbe sinema haipigwi kwa kufuatana. Leo shujaa anarudi nyumbani, wiki ijayo ndiyo anaaga. Asubuhi kashavuka mto, jioni hajui hata kama mto upo. Kwa hiyo shati lake haliwezi kuwa moja. Lazima liwepo shati la kila hatua, limeharibika kiasi chake. La kwanza jipya, la kuagia mama. La pili limepita mtoni likakaukia matope. La tatu limeungua mkono wa kushoto. La nne ni hilohilo lililoungua, sasa lina kiraka, la kurudia nyumbani. La tano ni akiba, maana mwigizaji mwenyewe, walimwambia kwa sauti ya chini, hula kwa fujo.

Kuharibu kulimnogea kuliko alivyotarajia. Shati la pili alilikanyaga kwa miguu yote miwili mpaka jirani akachungulia kuuliza kama kuna nyoka. Alisugua kola kwa msasa. Alichovya kitambaa kwenye chai ya rangi ili kizeeke. Mkono wa shati la tatu aliuunguza kwa ncha ya pasi, polepole, huku akinusa na kucheka peke yake. Miaka yote watu wamemletea nguo zilizoungua wakimwomba atende muujiza. Leo yeye ndiye moto.

Kasi yake ilikwamia shati la nne. Aliunguza, akakata kiraka, akatia uzi kwenye sindano, akalamba kidole. Halafu akabaki hivyo, sindano hewani, kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Nani kashona?

Maana kiraka cha njiani hakishonwi kwa cherehani. Kinashonwa kwa mkono, na kila mkono una mwenyewe. Mama hushona kwa kuficha, uzi usionekane, mtoto asichekwe. Mpenzi hushona vishono vidogo vidogo vya kujionyesha, ili kila atakayekiona ajue kuna mtu. Mwanamume aliye peke yake hushona kama anayefunga gunia. Mtu hawezi tu kuambiwa "weka kiraka".

Na swali hilo, tusifichane, lilikuwa na mzizi wake. Pembeni mwa chumba kulikuwa na cherehani ya pili, imefunikwa shuka. Ilikuwa ya binti yake, na binti hakuikalia hata siku moja. Alisema kushona ni kukaa, yeye anataka kwenda. Akajifunza kuendesha malori. Siku ya kuondoka Bi Pindo, kwa hasira, alimwambia, "Nenda. Ila nguo zikikuchanikia huko, usiniletee." Alidhani amesema neno la kupita. Kumbe mtoto alichukua ukaidi wake wote, hakumwachia hata wa akiba. Miaka ikapita, binti akipiga simu, akituma salamu, akipita na lori barabarani, anapiga honi, anapunga mkono, anakwenda zake. Ndani hajaingia. Nguo hajaleta.

Sasa dereva wa lori hachaniki nguo? Anachanika kila leo. Basi nani anamshonea? Bi Pindo aliwashwa na swali hilo kama ana upele, na kwa kiburi chake hakuweza kuliuliza.

Mwandishi wa sinema alikuja kukagua. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, na aliingia akiwa ameinama vizuri.

"Shikamoo Bibi. Umefikia wapi?"

"Marahaba. Nimefikia kwenye moto. Nani kashona?"

"Kashona nini?"

"Kiraka."

Msichana akalitazama shati, akamtazama fundi. "Si wewe?"

"Mimi wa huku. Nauliza wa huko kwenye hadithi yako. Kijana kaungua mkono, yuko mbali na kwao, mara paa, ana kiraka. Kimeshuka na mvua?"

Mwandishi akacheka, akavuta kigoda cha wateja, akakaa. "Kusema kweli sijui, Bibi. Niliandika tu kwamba anarudi na shati lenye kiraka. Nilitaka watu waone kwamba ametoka mbali."

"Hebu nihadithie yote."

"Kijana anaondoka kwao kwenda kutafuta ngoma ya marehemu baba yake. Imechukuliwa na tajiri mmoja mwenye jumba lenye walinzi. Njiani anavuka mto, anakutana na mtu wa kumsaidia, anaingia kwa tajiri, kunatokea moto, anaokoa ngoma, anarudi."

Bi Pindo akaweka sindano chini. "Wewe mtoto mwizi."

"Mimi?"

"Hiyo ni ya bibi yangu. Ila kwake tajiri alikuwa zimwi. Lina jicho mgongoni."

"Langu lina kamera ukutani."

"Na njiani yuko kibibi mwenye vidonda. Kijana akikubali kumwosha mgongo, anaambiwa siri ya zimwi."

"Yupo! Anauza vocha kituo cha mafuta."

"Ana vidonda?"

"Ana miwani ya jua."

"Ah," Bi Pindo akasema, kama mtu anayefikiria kununua. "Na kijana anamwosha?"

"Anamtengenezea simu."

Wakacheka wote, mmoja akashika mbavu, mwingine akashika kamba ya mashati. Walipotulia, msichana akavua miwani na kuifuta kwa pindo la blauzi yake. "Unajua kinachonitatiza, Bibi? Watu hawaichoki. Nimesoma za kwetu, nimesoma za mbali, ni ileile. Mtu anatoka, anateseka, anarudi na kitu. Katuni za watoto, ileile. Michezo ya kwenye simu, ileile. Mwaka jana niliandika ya mtu asiyekwenda popote. Mwongozaji akasinzia ukurasa wa pili."

"Kwa nini hawaichoki?"

"Ndilo ninalojiuliza na mimi."

Bi Pindo akainua macho kwenye kamba. Alilitazama shati la kwanza, safi, halafu la nne. Alikuwa amesikia hadithi hiyo akiwa hana meno, na sasa hana tena baadhi, na bado alitaka kujua kama kijana atafika. Ajabu.

"Basi nani kashona?" akauliza.

"Chagua wewe," mwandishi akasema, akainuka. "Keshokutwa mchana tunapiga sehemu ya kurudi nyumbani."

Kumwambia Bi Pindo achague ni kumpa paka ulinzi wa samaki. Alimtungia kijana mchumba palepale. Alimpa nywele ndefu, akampa mama mkali, akamkalisha dirishani na uzi mwekundu. Kiraka kikatoka kizuri mno, vishono kama mbegu za ufuta, na pembeni kiua kidogo. Kesho yake mwandishi alipokiona, miwani ilimshuka hadi ncha ya pua.

"Bibi, huyu mwanamke ni nani?"

"Mchumba wake."

"Hana mchumba."

"Sasa anaye."

"Nitamweka wapi? Mtazamaji akiona ua hili, nusu saa nzima atamtafuta! Kijana anafika kwa mama yake na ngoma, na watu wanauliza, yule wa uzi mwekundu kaachwa wapi?"

"Na kweli, kamwacha wapi? Kijana hana adabu."

"Bibi!"

Bi Pindo alijaribu kutetea ua lake, lakini moyoni aliona msichana ana haki. Kiraka kilikuwa kinasema uongo. Kilisema safarini kuna mtu wa kukushonea kwa uzi mwekundu. Alikichomoa chote. Msichana akabaki kumshikia shati, wakajaribu wengine: kibibi wa vocha, mlinzi mwenye huruma, muuguzi. Kila mmoja aliingia hadithini na mizigo yake, wakamtoa. Mpaka anaondoka, shati la nne lilikuwa tundu tupu.

"Kesho saa nane," mwandishi akasema mlangoni, uso umemsinyaa. "Tusipokuwa nalo, mwongozaji atamvalisha koti. Kiraka basi."

Asubuhi ya siku ya kupiga picha, honi ikalia barabarani. Bi Pindo aliitambua kabla haijaisha. Akanyakua kitambaa kilicho karibu, akatoka mlangoni, akaanza kukung'uta kwa bidii.

Lori lilikuwa limesimama kando, kubwa, jekundu, lina vumbi mpaka kwenye kope za taa. Binti yake alikuwa juu, kiwiko dirishani.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Nilikuwa nakung'uta nguo."

"Kila nikipita unakung'uta. Nguo zako zina vumbi gani hizo?"

"Vumbi la lori lako."

Binti akacheka. Mkono wake ulishaenda kwenye gia. Halafu akakitazama kile kilichokuwa kinakung'utwa, na mkono ukarudi. "Mama, hiyo imeungua. Nani kaungua?"

Kumbe Bi Pindo alikuwa amenyakua shati la nne. "Hakuna aliyeungua. La sinema."

"Sinema gani? Hebu." Udadisi nao aliurithi. Akafungua mlango, akateremka, buti moja, buti la pili, akashika mkono wa shati. "Moto wa wapi huu? Wa injini hauli hivi."

Macho ya Bi Pindo yalishatoka kwenye shati. Alikuwa anatazama goti.

Ovaroli ya binti ilikuwa na kiraka gotini, kipande cha turubai la lori. Kilikuwa kibaya. Kilivuta upande, kilitokeza mafundo, na kila pembe ilikuwa na vishono viwili vilivyopishana, vimekaa juu juu, wazi kama makovu. Bi Pindo akainama. Akavaa miwani. Akainama tena. Vile vishono viwili vya kupishana alivijua. Yeye mwenyewe huviweka kila pembe ya kila kiraka ili isinyanyuke, lakini huviweka chini, upande wa ndani, pasipoonekana. Hakuna mteja aliyewahi kuviona. Hata mafundo yale, kusokota uzi kisha kuupitisha chini ya wenzake, yalikuwa yake. Yote yalikuwa yake, ila yamegeuzwa, tumbo limekuwa mgongo.

"Nani kakushonea?" Swali la miaka likatoka lenyewe, bila kubisha hodi.

"Mwenyewe."

"Umeshona nje ndani."

"Ndivyo kinavyoshonwa."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nikufundishe uchafu huu?"

"Mama, mimi nilikuwa nakaa wapi ukishona?"

Bi Pindo akafikiri. Alimwona: mtoto mdogo, magoti kidevuni, anaendesha kifuko cha nyuzi kama lori, vruum, vruum, chini ya meza. Kila siku chini ya meza. Na viraka vya watu vikipita juu ya kichwa chake, yeye akiviona upande wa chini tu.

Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akashika tairi. Halafu kicheko kikakatika vibaya, akajifanya anapangusa miwani.

"Ingia," akasema.

"Nina mafuta mwilini."

"Nina kazi na wewe. Ingia na mafuta yako."

Binti akasimama kidogo kizingitini, akainama chini ya kamba, akaingia. Akaitazama cherehani yenye shuka, akaipita kama mtu anayempita mdai wake, akakaa kwenye kigoda.

Bi Pindo alimweleza habari ya shujaa, mto, moto na kiraka. Kisha akatia uzi na kujaribu mwenyewe, kwa kuwa alishajua sasa: hakuna mchumba, hakuna kibibi. Kijana kashona mwenyewe, kama alivyoona kwao. Lakini mkono ulimgomea. Aligeuza vishono nje, vikatoka vimenyooka kama askari kwenye gwaride. Akafumba jicho moja. Akashika sindano kwa mkono wa kushoto. Bado kilikuwa kiraka cha fundi anayejifanya mlevi.

Binti alivumilia alivyoweza. "Lete," akasema mwishoni. "Hata kuharibu hujui."

Akashona. Ulimi ulimtoka pembeni mwa mdomo. Alijidunga, akanyonya kidole, akatukana kistaarabu. Mama yake alikalia mikono yake mwenyewe ili isimwingilie, na hiyo, atakuja kuapa baadaye, ilikuwa kazi ngumu kuliko sketi zote za shule.

"Mto nimepita," binti alisema akishona. "Daraja lilichukuliwa na maji, nikavuka maji yakiwa usawa wa taa. Moto nimepita, injini ikiwaka, nikauzima kwa mchanga. Mbona mimi hakuna aliyeniletea kamera?"

"Hukurudi na ngoma."

"Nimerudi na saruji."

Saa nane walikwenda wote wawili, mitaa miwili chini, kwenye nyumba iliyoazimwa. Mwandishi alipokea shati, akapitisha kidole juu ya mafundo, akafungua mdomo aulize. Kisha akaliona goti la dereva. Akafunga mdomo, akakimbia na shati kwa mwigizaji.

Mama wa sinema alikuwa mwanamke mnene mwenye kipaji cha kulia akiagizwa. Kijana akaja na ngoma begani, akasimama mlangoni. Mama akalia, akamkumbatia, akalia zaidi. Wapiga picha wakaridhika. Bi Pindo alikuwa nyuma yao, pini mdomoni, tayari kurekebisha kola, na damu ikimchemka. Ngoma! Anaitazama ngoma!

"Mtazame mkono, we mwanamke!"

Pini zikatawanyika. Mwongozaji akatupa kofia chini. Alisema maneno ambayo hayana haja ya kuandikwa, akamalizia kwa kuuliza nani kamleta huyu bibi. Mwandishi akamvuta pembeni, akanong'ona, akaonyesha pembe nne za kiraka kwenye mkono wake mwenyewe. Mwongozaji akaokota kofia yake, akaikung'uta. "Mara moja tu," akasema. "Na bibi atiwe pini nyingine mdomoni."

Kijana akaja tena. Mama akaanza kulia kama kawaida, akamshika mkono, akakuta mafundo. Machozi yakasimama njiani. Akauvuta mkono kwenye mwanga, akainama.

"Nani kakushonea hivi?"

Hilo kijana hakuwa ameandikiwa. Akababaika. "Mimi, Mama."

"Vibaya," mama akasema, na sauti ikavunjika palepale. Hakuitazama ngoma tena. Alikishika kile kiraka kwa vidole viwili, na hata mwongozaji akasahau kusema kata.

Mwandishi alikuwa anatazama kwa jicho moja kamera, kwa jicho la pili Bi Pindo. "Bibi," akanong'ona, "labda hawaichoki kwa sababu hii."

"Ipi?"

Aliyejibu alikuwa binti, mikono kifuani, macho mbele. "Sisi tulio njiani hatuna nafasi ya kwenda sinema. Mnaotazama ni nyinyi mliobaki."

Bi Pindo akageuka ili amjibu jambo kali. Binti hakuwepo tena. Dakika chache baadaye, kule juu mtaani, lori likaunguruma.

Basi ndiyo hivyo, akajisemea. Kapiga honi, kashuka, kashona, kaenda. Ni zaidi ya nilivyozoea. Alikusanya pini zake moja moja kwenye majani, taratibu, hata zile ambazo hazikuwa na maana tena, kisha akapanda mtaa kwa miguu iliyokuwa imezeeka tangu asubuhi.

Lori lilikuwa mlangoni kwake. Limegeuzwa, mgongo kwa duka, limeziba barabara nzima, na mwenye baiskeli alikuwa anagombana nalo. Binti alikuwa amepanda nyuma ya kiti, anavuta kitu. Likatoka gunia, kubwa, limefungwa kwa kamba ya turubai. Akalishusha begani, akaliachia kizingitini, puu.

"Nini hiki?"

Binti alijikuna shingo. Ghafla alikuwa mtoto wa chini ya meza. "Zile nilizoweza, nilishona. Hizi zilinishinda."

Bi Pindo akafungua kamba. Suruali isiyo na makalio. Sweta lililoliwa na maji ya betri. Mashati, ovaroli, shuka ya safarini yenye tundu la ukubwa wa kichwa. Miaka yote, kila kilichochanika, kimekunjwa vizuri, kimebebwa kila barabara, hakikutupwa, hakikupelekwa kwa fundi mwingine hata mmoja.

"Nilikwambia usiniletee," Bi Pindo akasema.

"Ulisema."

"Sasa?"

"Sasa nimeleta."

Mwenye baiskeli akauliza kama watu wana mpango wa kupitisha wengine leo. Hakuna aliyemsikia. Bi Pindo alikuwa ameshika pembe mbili za gunia, analivuta ndani, halisogei. "Mtoto gani huyu," alinung'unika, "anamrudishia mama yake gunia zito kama ng'ombe, na bado kasimama anatazama. Shika huku! Na goti hilo ulete, nikuonyeshe upande wa juu unavyotakiwa kuonekana."

Binti akashika pembe zake. Wakainama chini ya kamba ya mashati, wakaingia nalo, na Bi Pindo, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na mzigo, akaivuta kwa mguu ile shuka ya cherehani ya pili mpaka ikaanguka sakafuni.